Nilimtoa mwanangu mwenye usonji shule ya milioni tatu nikampeleka kitengo cha serikali. Mwaka umepita, naombeni tujadili

MamaFaraji (Tabata)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitanuna.

Mwanangu ana miaka tisa na ana usonji (autism). Alipokuwa na miaka mitatu aliyajua matangazo yote ya redio neno kwa neno, lakini maji ya kunywa hawezi kuomba. Anakuvuta mkono mpaka kwenye mtungi, basi. Mama mkwe akasema baba yake naye alichelewa kusema, tusubiri. Tukasubiri miaka miwili. Hiyo miaka miwili naidai mpaka leo na sijui nimdai nani.

Alipofika mitano tukampeleka shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza. Jina sitalitaja, na msinifuate faragha kuniuliza. Ada milioni tatu na laki mbili kwa mwaka, basi la shule mbali, chakula mbali. Siku ya kuandikisha waliniambia wanapokea watoto wote. Wiki ya tatu simu zikaanza: saa nne asubuhi, mama njoo umchukue, analia. Kesho yake tena. Mwezi wa pili nikaambiwa nitafute mtu wangu wa kukaa naye darasani, nimlipe mwenyewe. Nikamchukua binti aliyemaliza kidato cha nne, laki mbili kwa mwezi. Binti mpole, ila kazi yake ilikuwa kumshika asikimbie. Ripoti ya mwisho wa muhula, kila somo maneno yale yale: "anajitahidi."

Siku moja nikaibuka bila taarifa. Darasani hayupo. Nikamkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage. Mabovu kushoto, mazima kulia, mawe kwenye kopo. Binti yuko nje na simu yake. Mpishi akaniambia, "Mama Faraji, huyu huwa anakuja mwenyewe. Akishaanza hanyanyuki mpaka sinia liishe." Nililia njia nzima kwenye daladala. Miaka yote hiyo nalipa ada, na aliyemfundisha mwanangu kitu ni mpishi.

Nikafunga safari kwenda halmashauri. Nilikuwa sijui kama kuna Afisa wa Elimu Maalumu, nilielekezwa na mlinzi. Yule mama alinisikiliza, akanipangia siku ya upimaji, akanipa barua ya kwenda shule ya msingi ya serikali yenye kitengo cha elimu maalumu. Darasa moja, watoto kumi na saba, walimu wawili na mlezi mmoja. Choo hakina kitasa. Nilitaka kugeuza.

Kilichonizuia ni mwalimu mmoja. Alikaa na Faraji nusu saa, hakumuuliza alfabeti hata moja. Kisha akachana nusu karatasi ya daftari akaandika vitu vitatu: aombe kwenda chooni kwa picha au kwa neno, akae mkekani dakika kumi, afunge vifungo vya shati. Akaniambia, "Muhula huu ni hivi tu. Na wewe nyumbani hivi hivi, usiongeze." Mwezi wa sita alikuwa anafanya viwili. Vifungo bado.

Sasa msinielewe vibaya, kwamba serikalini ni peponi. Mwezi wa saba mwalimu yule akapata uhamisho, akamfuata mumewe. Wiki nne mwanangu alikaa tu, akarudi kujikojolea. Bajaji ya kwenda na kurudi inanila kuliko ada ya shule nyingine. Lakini ile nusu karatasi sijaipata mahali pengine popote, na nililipa.

Maswali yangu: shule binafsi ina haki ya kumkataa mtoto? Kuna binafsi inayofanya kazi hii kweli? Na akishafika miaka kumi na minne, kumi na mitano, anaenda wapi?

---

Kisiki_Kikavu

Mwenye hela binafsi, asiye na hela serikali. Uzi ufungwe.

---

MamaFaraji

Kisiki, umesoma kichwa cha habari tu. Hela nilikuwa nayo.

---

Mwl_Chaki

Mama Faraji, hongera kwa subira. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, nimesoma chuo cha Patandi pale Arusha. Ngoja niwape picha kamili maana wazazi wengi wanakuja kwetu hawajui hata waulize nini.

Huku kwetu kuna njia tatu. Kuna shule maalumu kabisa, kama Buguruni Viziwi hapo Dar, Tabora Viziwi, au Buigiri ya wasioona kule Dodoma. Nyingi kati ya hizi kongwe zilianzishwa na makanisa. Buigiri ni ya 1950, Tabora Viziwi ni ya 1963. Kuna vitengo ndani ya shule za kawaida, ndicho alichokipata Faraji. Uhuru Mchanganyiko pale Ilala inajulikana nchi nzima kwa hilo. Halafu kuna jumuishi yenyewe, mtoto anakaa darasa moja na wenzake na mwalimu anatakiwa kumfikia. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 mpaka 2025/26 unasukuma huko kwa tatu.

Shida iko wapi? Patandi kila mmoja anasomea aina moja ya ulemavu. Mwingine kuona, mwingine kusikia, mwingine ulemavu wa akili. Mimi nilisomea kusikia. Nikapangiwa shule isiyokuwa na mtoto kiziwi hata mmoja, nikafundisha Maarifa ya Jamii miaka minne. Lugha ya alama ikaanza kunipotea vidoleni. Nilipohamishwa kwenda kwenye kitengo nilikuta ni cha ulemavu wa akili na usonji. Nikajifunza upya kwa kuangalia wenzangu. Kwa hiyo mzazi ukiambiwa "tuna mwalimu wa elimu maalumu", swali la pili liwe: alisomea nini?

La pili, upimaji. Bila upimaji mtoto anabandikwa jina na majirani. Nimeletewa mtoto akiitwa "taahira" (neno hilo tuliache jamani), kumbe hasikii sikio moja na lingine lina usaha. Kapelekwa hospitali, kasogezwa dawati la mbele, mwisho wa mwaka kashika nafasi ya sita. Huyo hakuhitaji kitengo, alihitaji mtu wa kumchungulia sikio.

Watoto wenye ualbino ndiyo hivyo hivyo. Wengi walikusanywa kwenye mabweni ya Buhangija Shinyanga na Mitindo Misungwi kwa sababu ya usalama, baada ya mauaji yale ya mwishoni mwa miaka ya 2000. Lakini darasani tatizo lao kubwa ni uoni hafifu na jua. Maandishi makubwa, dawati la mbele mbali na dirisha lenye mwanga mkali, kofia na mikono mirefu wakati wa mchakamchaka. Akili yao haina tatizo lolote.

Na mitihani: Baraza la Mitihani (NECTA) linatoa karatasi za nukta nundu kwa wasioona na za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu. Muda wanaongezewa, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Hii inawahusu hata walio shule binafsi, mradi shule iwaorodheshe mapema. Nimeona mtoto anafanya darasa la saba bila nyongeza kwa sababu tu shule haikujaza taarifa zake wakati wa usajili. Nendeni mkaulize sasa, msisubiri mwezi wa tisa.

---

Msongo_wa_Mawazo

Mwalimu umenena. Ila vifaa je? Shuleni kwa mdogo wangu mashine ya nukta nundu ni moja kwa watoto wanne. Mmoja anaandika, watatu wanasikiliza mlio wake.

---

Mwl_Chaki

Kweli kabisa. Na ikiharibika fundi haonekani mtaani. Tunatumia kibao na sindano yake, ile ya kutoboa nukta moja moja kutoka kulia kwenda kushoto. Polepole lakini mtoto anajua kusoma. Mtoto anayesikiliza tu siku zote hajui tahajia, hilo ni kosa letu walimu na wazazi, tunaridhika na sauti.

---

MenejaWaShule

Naomba niingie upande wa pili, na najua nitapigwa mawe.

Nina shule binafsi ndogo, ya msingi. Siyo za mabwawa ya kuogelea. Serikali ilipofuta ada 2016 ilifuta kwenye shule zake, na ruzuku inaenda kwenye shule zake. Mimi mshahara wa mwalimu unatoka kwenye ada za wazazi peke yake. Mtoto mmoja mwenye usonji akihitaji mtu mzima mmoja muda wote, hesabu yake ni mshahara mzima. Nimgawie nani? Nikiwaongezea wazazi wengine wananihama. Nikimwongezea mzazi husika naitwa mbaguzi.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Wazazi wanaficha. Siku ya usaili mtoto amepewa dawa ya mafua ili asinzie, anaonekana mtulivu. Karatasi ya hospitali ipo nyumbani kabatini. Mimi nagundua wiki ya tatu, mwalimu kang'atwa mkono. Nikimwita mzazi ananiambia "nyumbani hafanyi hivyo." Kama ningeambiwa tangu mwanzo ningesema ukweli: mwalimu wa kazi hii sina.

---

MamaFaraji

Meneja, sikupigi mawe. Niseme tu hapa hadharani: karatasi nilikuwa nayo. Niliificha. Dawa ya mafua sikumpa, lakini nilichagua kumpeleka saa nane mchana kwa sababu nilijua akishakula anatulia. Niliogopa wangemkataa. Kwa hiyo walipoanza kunipigia saa nne kila siku, mdomo wa kulalamika nilikuwa nao nusu.

Lakini na wao walisema wanapokea wote. Hilo hukulijibu.

---

MenejaWaShule

Hilo ni tangazo la biashara mama. Silitetei.

---

Wakili_wa_Kibarazani

Swali la kwanza la mleta uzi. Tanzania Bara tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Tuliipitisha mwaka mmoja baada ya kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, 2009. Kifungu cha 27 kinazungumzia elimu, na kinasema mtoto mwenye ulemavu atasoma shule ya kawaida, ya umma au binafsi, isipokuwa pale yanapohitajika mawasiliano maalumu. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza ubaguzi wa mtoto kwa sababu ya ulemavu. Kwa hiyo kumfungia mtoto geti kwa sababu ya ulemavu wake, huku shule ikisema ni mali ya mtu binafsi, si hoja ya kisheria.

Ila meneja ana pointi, na ndipo sheria inapochechemea. Imemwambia mwenye shule ampokee. Mimi nimeisoma na kuirudia sijaona mahali inapomwambia gharama ya yule mtu wa kukaa na mtoto italipwa na nani. Matokeo yake shule hazikatai mlangoni. Zinapokea, halafu zinakuchosha. Simu za saa nne ndiyo njia yenyewe ya kukataa. Na mzazi hawezi kwenda nayo mahakamani, kwa sababu hakuna barua ya kukataliwa.

Ushauri wangu wa bure: kila simu ya namna hiyo, jibu kwa ujumbe wa maandishi. "Nimepokea simu yako saa nne na dakika kumi ukinitaka nimchukue mtoto kwa sababu kadhaa." Ukiwa na jumbe ishirini za hivyo una kesi, au una mazungumzo ya heshima ofisini. Mara nyingi linakuja hilo la pili.

---

Mzee_wa_Upako

Binti yangu, usonji ni roho. Mlete kwenye maombi siku tatu za kufunga, utanishukuru.

---

MamaFaraji

Shikamoo mzee. Tulishaenda, kwa mchungaji na kwa shehe, na kwa mganga mmoja Bagamoyo ambaye nisingependa mume wangu asome hapa. Namuombea kila usiku. Asubuhi saa kumi na mbili bado anatakiwa kufunga vifungo.

---

Bi_Mwanaidi_Unguja

Assalaam alaykum. Huku kwetu tunaita elimu mjumuisho, na njia tuliyoshika ni tafauti kidogo na Bara. Hatukwenda kwenye kujenga skuli maalumu nyingi za mbali. Mtoto aende skuli ya mtaani kwao, na mwalimu mshauri apite skuli kwa skuli kuwasaidia walimu wenziwe. Zipo skuli zenye vitengo vilevile, Kisiwandui mjini ni mojawapo.

Faida yake nimeiona kwa mtoto wa dada yangu, ana ulemavu wa akili. Anakwenda kwa miguu na jirani zake. Mtaa mzima unamjua. Akipotea sokoni anarejeshwa nyumbani na wauza samaki. Angelikuwa bweni la mbali, angelirudi likizo mtaa haumjui na yeye haujui.

Ila nisikudanganye, darasa lina watoto sitini na mwalimu mmoja. Mwalimu mshauri anapita mara moja kwa mwezi, pengine hapiti. Hapo mjumuisho unakuwa wa kuwekwa pamoja tu, kama kuku na bata bandani.

---

Kimya_Kingi

Mimi ni kiziwi. Naandika polepole, Kiswahili kwangu ni lugha ya pili, ya kwanza ni lugha ya alama, kwa hiyo mnivumilie.

Nasoma watu wanasifu jumuishi, jumuishi. Wakati wa darasa la kwanza mimi niliwekwa jumuishi, kijijini. Miaka miwili niliangalia midomo. Mwalimu akigeukia ubao, midomo imekwenda. Watoto wakicheka mimi nacheka, sijui wanacheka nini. Darasa la tatu nikapelekwa shule ya viziwi, bweni. Siku ya kwanza niliona watoto mia wanaongea kwa mikono kwenye foleni ya uji. Sikulala usiku huo. Nilikuwa sijui kwamba nina jina. Nyumbani waliniita kwa kunigusa. Pale walinipa jina la alama, kovu hili la juu ya nyusi.

Kwa kiziwi shule maalumu siyo kutengwa. Kutengwa ni ile ya kwanza. Sheria yenyewe, Wakili amesema, inaacha nafasi kwa mawasiliano maalumu. Mkitaka kiziwi asome na wanaosikia, leteni mkalimani wa lugha ya alama muda wote, siyo siku ya wageni tu.

Na wazazi jifunzeni lugha ya alama. Mama yangu alijifunza nikiwa na miaka ishirini na moja.

---

Mwl_Chaki

Kimya Kingi, asante sana ndugu. Niongeze kwamba miaka ya nyuma hata shule zenyewe za viziwi zililazimisha kusema kwa mdomo, mikono ikikatazwa. Kwa hiyo "shule maalumu" peke yake haitoshi, lazima uangalie wanafundisha kwa lugha gani.

---

Mkongwe_Columbus (Ohio)

Ndugu zangu nawasalimu kutoka Marekani. Mimi ni Mkongo wa Bukavu, Kiswahili changu ni cha kule kwetu, mtanisamehe. Nina binti mwenye hali ya Down, ya kuzaliwa nayo, miaka kumi na moja. Mnaposema binafsi na serikali nataka niwape yaliyonikuta, kwa sababu huku mambo yamegeuka kichwa chini.

Huku kuna sheria inaitwa IDEA, mizizi yake ni ya 1975. Inasema shule ya serikali lazima impe mtoto mwenye ulemavu elimu inayomfaa, bure, kutoka miaka 3 hadi 21. Hawaruhusiwi kusema hatuna mwalimu. Ukiomba kwa maandishi apimwe, na ukisaini kukubali, wana siku 60 za kumaliza vipimo, isipokuwa kama jimbo limeweka muda wake. Halafu mnakaa mezani, mzazi naye ni mjumbe wa ile meza, mnaandika mpango wa mtoto. Wanauita IEP. Ni ile nusu karatasi ya Mama Faraji, ila kurasa ishirini: atafanya nini, nani atamfundisha, dakika ngapi kwa wiki, tutapima vipi. Mara ya kwanza nilisaini bila kuelewa neno, mtoto wangu mkubwa ndiye aliyekuwa ananitafsiria. Baadaye nikajua wanatakiwa kuniletea mkalimani wa Kiswahili. Niliomba, wakaleta. Siku hiyo nilibisha kwa mara ya kwanza.

Sasa sikieni. Tuliona shule ya kanisa letu ina watoto wachache, adabu nzuri, tukamhamishia kwa hela yetu. Ile haki ikabaki mlangoni. Kwa sheria yao, mzazi akimtoa mtoto kwa hiari yake akampeleka binafsi, mtoto yule hana tena haki yake mwenyewe ya huduma zile. Wilaya ya elimu inatakiwa kutenga fungu kidogo kwa ajili ya watoto wote wa binafsi kwa ujumla wao, inaamua itoe nini. Binti yangu aliyekuwa anapata tiba ya usemi mara tatu kwa wiki akabaki na nusu saa moja. Mwaka uliofuata tukamrudisha.

Kuna mlango mmoja: kama shule ya serikali yenyewe imeshindwa kumpa elimu inayomfaa na ikathibitika hivyo, wilaya inaweza kulazimika kulipa ada ya binafsi. Watu wanakwenda nayo kwa wanasheria, siyo sisi wa zamu ya usiku kiwandani.

Na hata wao fedha hazitoshi. Bunge lao 1975 liliahidi kwamba kwa kila mtoto mwenye ulemavu serikali kuu itatoa hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja. Haijafika hapo hata mwaka mmoja.

---

Kisiki_Kikavu

Kwa hiyo huko mwenye hela anakimbilia serikalini?

---

Mkongwe_Columbus

Kwa mtoto mwenye ulemavu, ndiyo, wengi wanachagua mtaa wa kuishi kwa kuangalia shule yake ya serikali.

---

MamaZawadi (Nakuru)

Hujambo Mama Faraji. Nchini kwetu Kenya tuna vituo vya EARC, vilianza 1984, kazi yake ni upimaji. Mtoto hupimwa pale kisha hupewa barua ya kumpeleka shule inayomfaa. Walimu husomea KISE kule Kasarani, chuo kilichoanzishwa 1986. Kwenye mgao wa elimu ya msingi, mtoto wa kawaida hutengewa KSh 1,420 kwa mwaka na mwenye mahitaji maalumu huongezewa KSh 2,300. Fikiria mwenyewe hizo zinanunua nini. Na hufika zikiwa zimechelewa.

Kuhusu swali lako la tatu, mtaala wetu wa umilisi umegawa njia mbili. Moja ni ya kupanda gredi kama wenzake, na marekebisho ya mtihani. Nyingine inafuata hatua na uwezo wa mtoto: ngazi ya msingi, ya kati, kisha utangulizi wa ufundi, halafu ufundi wenyewe. Zawadi wangu yuko kwenye hiyo ya pili. Hafanyi mtihani wa gredi ya sita wa wenzake, baraza letu la mitihani, KNEC, lina tathmini yake kwa ngazi hizo. Mwaka jana tathmini ilikuwa kutengeneza kitu na kueleza hatua. Alitengeneza shanga. Mimi nilikuwa nimezoea kuambiwa "hakufanya mtihani", safari hii nilipewa karatasi yenye jina lake.

Shida yetu ni kwamba yuniti nyingi ni za msingi. Ufundi wenyewe ni mbali, ni bweni, na wazazi wa mabinti hawataki bweni. Unajua sababu.

---

MamaFaraji

Naijua, na sijui kama kuna mzazi wa binti hapa asiyeijua.

Asante dada. Hapa Dar nimeambiwa kuna chuo cha ufundi cha watu wenye ulemavu pale Yombo, nitakwenda kuuliza wanapokea ulemavu gani na kwa umri gani. Nikirudi nitaandika.

---

Tonge_Nyama

Jamani hili swali la binafsi nzuri halijajibiwa. Mimi nina mfano mmoja. Kituo kidogo, nyumba ya kupanga Mbezi, watoto kumi na wawili tu. Mama mwenyewe ana mtoto mwenye usonji, alikwenda kusoma akiwa na miaka arobaini. Anafanya kazi kweli, mtaalamu wa tiba kwa vitendo anakuja mara mbili kwa wiki. Ila laki tano kwa mwezi, na mtoto wangu hana mwenzake hata mmoja anayeongea. Alijifunza kula kwa kijiko na akajifunza kupiga kelele kama wenzake. Sasa anakaa pale siku tatu, siku mbili yuko shule ya msingi ya mtaani. Mwalimu mkuu alikubali kwa mdomo, hakuna karatasi. Akihama huyo mwalimu mkuu sijui.

---

Wakili_wa_Kibarazani

Tonge Nyama, omba barua. Hata ya mistari mitatu. Yaliyokubaliwa kwa mdomo yanahama na mwenye mdomo.

---

MenejaWaShule

Nimesoma yote kuanzia juu. Mama Faraji, nina swali na siyo la kejeli. Ile nusu karatasi, unaweza kunielezea yule mwalimu aliipataje kwa nusu saa? Nina watoto watatu shuleni kwangu naona kabisa hawaendi, na walimu wangu wanaandika "anajitahidi" kama wenu.

---

MamaFaraji

Alimwacha achezee funguo zake, akazificha chini ya mkeka, akaangalia atafanya nini. Akampa biskuti ndani ya kopo lisilofunguka, akasubiri. Faraji akamvuta mkono. Akasema, "Huyu anajua kuomba, hana tu chombo cha kuombea," ndipo akaandika kile cha kwanza. Vifungo aliviona shati lilivyokaa. Mkeka, kwa sababu alisimama mara tisa, alikuwa anahesabu kwa kokoto mfukoni.

Nilipomwambia habari ya maharage hakucheka. Kesho yake akaniagiza nilete robo kilo. Ndiyo aliyomfundishia kuhesabu mpaka ishirini, mabovu na mazima. Mpaka leo ukimpa kalamu anaitupa, ukimpa sinia la maharage anakuhesabia.

Mwalimu mpya amekuja, kijana, anaonekana kuchoka kabla hajaanza. Jumatatu nampelekea ile karatasi na maharage. Akiniona msumbufu, sawa.

---

Mama_Pacha_Segerea

Mama Faraji samahani natoka nje ya mada kidogo. Mmoja wa pacha wangu amepangiwa kitengo hicho hicho kuanzia muhula huu, nimekutambua kwa habari ya choo kisicho na kitasa. Bajaji yenu inapita Segerea? Nauli tugawane.

---

MamaFaraji

Karibu dada. Inaanzia Segerea mwisho kabisa, kuna nafasi moja. Ni elfu tatu na mia tano kwenda na kurudi ukigawana na sisi. Dereva ni mtu mzima, ana mjukuu wa aina hii, hapigi honi ovyo. Saa kumi na mbili kasorobo uwe barabarani, usichelewe, maana bajaji ikisimama sana Faraji anashuka kuhesabu magari na kumrudisha ndani ni kazi ya watu wawili. Kitasa cha choo nimenunua jana, njoo na bisibisi kama unayo.